Makopo ya Mwalimu na Kifungo cha Koti

Mtu akistaafu husifiwa mpaka mwenyewe hujiuliza ni nani huyo anayezungumziwa. Mwezi ujao ni zamu ya Mwalimu Makopo, na ninajua watakayosema: mpole, mnyenyekevu, mama wa wote. Upole gani? Mimi ni mhudumu wa shule ile kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Ninashika funguo za milango yote, ninafagia, ninachoma taka, ninapiga kengele, na huyo mama wa wote amenifokea mara nyingi kuliko mume wangu na wifi zangu wakiwekwa pamoja. Kwa kuwa siku ya kumuaga nitakuwa nahangaika na viti, nimeona niyaandike yangu mapema, pamoja na jambo moja ambalo halinisifu mimi.

Kwanza, hakuiomba kazi ile. Alikuja shuleni kwetu akiwa mwalimu wa hesabu wa madarasa ya juu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kumwamsha aliyelala nyumba ya tatu. Siku moja kwenye kikao, mkuu wa shule wa wakati ule aliuliza ni nani atakwenda kusomea elimu maalumu kwa mwaka mmoja. Kila mtu akaanza kukagua viatu vyake. Yeye akanyoosha mkono kuomba ruhusa ya kufunga dirisha, maana vumbi lilikuwa likimwingia machoni. Kabla hajafungua mdomo, wenzake walishapiga makofi na jina lake lilishaandikwa. Wageni wakimuuliza kama kazi hii ilikuwa wito, huwajibu kwamba ilikuwa vumbi.

Aliporudi alipewa watoto saba na chumba cha mwisho kwenye baraza, kilichokuwa stoo ya madawati mabovu. Mmoja wa watoto hakusikia, mwingine alirudia kila tangazo alilolisikia redioni, mwingine vidole vyake vilikuwa vimelegea hata kijiko kilimponyoka. Vifaa alivyopewa vilikuwa ubao mmoja uliopasuka na boksi la chaki. Akaandika barua kuomba zaidi, akaambiwa asubiri. Akasubiri mihula miwili, kisha akatangaza ofisini kwamba subira yake imeanza kufanana na uzembe. Tangu siku ile hakuacha kitu kipite mbele yake kikaenda jalalani.

Aliokota vizibo vya soda kwenye mikahawa. Aliomba maboksi madukani kwa wauza viatu, trei za mayai, makopo ya maziwa, soksi zilizopoteza wenzake, vibanio vya nguo vilivyochoka. Ndipo akabandikwa jina la Makopo, na akalipokea bila kinyongo. Mumewe, dereva wa lori mwenye maneno machache, aliniambia siku moja, huku akitafuta pa kukaa sebuleni kwake, "Shemeji, humu ndani hakitupwi hata kikohozi."

Sasa sikilizeni alivyovifanyia. Alikata tundu kwenye kifuniko cha kopo, mtoto akawa anadumbukiza vizibo kimoja kimoja, na baada ya miezi vidole vilivyoshindwa kijiko vikashika penseli. Kwenye vipande vya boksi aliandika namba, na mtoto akabana kibanio kimoja kwenye moja, viwili kwenye mbili. Soksi zilitafutiwa zinazofanana nazo. Mchanga ndani ya beseni ukawa daftari lisilojaa: unaandika herufi kwa kidole, unatikisa, unaanza upya. Kila kazi ilikaa kwenye boksi lake, maboksi yakajipanga kwenye rafu kutoka kushoto kwenda kulia, na kazi ikiisha kila kitu kilirudi kilikotoka. Ukihamisha boksi moja tu, mtoto wa matangazo alitangaza ajali.

Kazi hizo zote aliziandika kwenye daftari kubwa, na mchoro wa kila moja. Juu ya jalada aliandika maneno mawili: Nakili tu. Walimu wa elimu maalumu kutoka shule nyingine walikuja kunakili, na Alhamisi mchana yeye mwenyewe aliwafuata shuleni kwao na kikapu chake kichwani kuwaonyesha. Wajuaji wakamshauri afanye kitabu auze. Akasema vizibo ameviokota, na mtu hauzi alichookota. Mimi wakati huo niliona ni ujinga. Siku hizi naona ndiyo akili yenyewe, ila sijamwambia, kichwa chake ni kikubwa vya kutosha.

Lakini lazima niseme ukweli wangu pia. Mimi na makopo yale hatukupatana hata siku moja. Mama yangu alinilea kwa ufagio. Kwetu, nyumba chafu ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Nikiingia chumba kile jioni nilikuta maboksi yenye alama za vidole, soksi zisizo na mwenyewe, vizibo vyenye kutu, na roho iliniuma. Nikifagia kizibo kimoja kwa bahati mbaya, asubuhi nilisomewa mashtaka. Nilimwambia mara ngapi kwamba chumba chake ni jalala lenye mlango. Naye alinijibu mara ngapi kwamba mimi nina macho ya ufagio.

Mwaka wa kisa ninachotaka kukisema, alikuwapo darasani msichana wa miaka tisa ambaye mpishi wa shule alimpa jina la Hakimu. Sababu ni kwamba alikutazama mara moja tu, siku ya kwanza, kimya, usoni kabisa, na baada ya hapo hakukutazama tena, kana kwamba amekwisha kukata kesi yako. Hakusema neno. Ukimwita hakugeuka. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka mitatu, akabaki na baba yake, fundi magari, mwanaume mwembamba mwenye koti la kazi la bluu lenye vifungo vya chuma. Kila jioni alikuja getini kumchukua, mikono ikinuka grisi, na kila jioni mtoto alimpa mkono na kuondoka naye bila kumtazama.

Mwezi wa kumi Fundi alikuja ofisini akamwomba Mwalimu wazungumze. Mimi nilikuwa nafuta madirisha, na madirisha yale siku hiyo yalifutwa vizuri sana. Fundi alisema ameleta mtoto karibu mwaka mzima. Alisema hakutegemea asome wala aandike, yeye si mtu wa makuu. Kuna jambo moja tu alilitaka, na hilo hakuliona.

"Mwanangu hanijui," alisema. "Nikimpa mkono anaushika kama anavyoshika kitasa cha mlango. Angekuja mtu mwingine amevaa koti hili, angeondoka naye."

Mwalimu akamwambia kwamba mtoto anamjua, na vizuri sana. Fundi akatabasamu lile tabasamu la mtu anayefarijiwa msibani. Akaeleza kwamba dada yake, shangazi wa mtoto, ana shamba mbali sana, lenye uwanja mpana uliozungushiwa ua, na amekubali kumchukua. Huko hakuna shule ya kumfaa, lakini hakuna pia magari wala watu wa kumcheka. Shangazi angefika Alhamisi, na Ijumaa saa sita wangeondoka. Kama mtoto hamjui baba yake, kukaa kwa baba au kukaa kwa shangazi kwake ni mamoja.

Mwalimu Makopo hakubishana naye, na ilinishangaza, maana alibishana hata na kengele. Alimwomba kitu kimoja. Ijumaa saa tatu aje akae darasani, kwenye kona, asiseme kitu, atazame mpaka mwisho wa masomo. Shangazi asubiri mpaka saa tisa. Akishatazama, aamue mwenyewe. Fundi akakubali.

Alhamisi mkuu wa shule aliniita. Akasema kesho mzazi anakuja kukaa darasa la mwisho, basi nipaangalie pale pafanane na darasa. Akaondoka zake. Mwalimu Makopo naye alishachukua kikapu chake na kwenda kuwafundisha wenzake shule ya mbali, kama kila Alhamisi. Nikabaki mimi, funguo zangu na huruma yangu.

Naandika huruma kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimwonea huruma yule baba. Nilijiambia: mtu anakuja kuamua kama mwanawe abaki shule, atakuta nini? Makopo! Atasema, kumbe mwaka mzima mwanangu alikuwa akichezea takataka. Nikapandisha kanga kiunoni. Nilitoa kila boksi, kila kopo, kila soksi. Ukutani, usawa wa macho ya mtoto, palikuwa na kamba saba, kila moja imening'inizwa vikorokoro kwa vibanio: kikombe kilichovunjika mpini, kipande cha taulo, kijiko, vitu vya namna hiyo. Nikavua zote saba. Nikapeleka kila kitu kwenye shimo la taka nyuma ya vyoo nikawasha moto, na maboksi ya viatu yanawaka vizuri, hilo nalijua. Kisha nikadeki mara mbili, nikaomba picha za kubandika kwa mwalimu wa darasa la kwanza, nikaweka chupa ya maua kwenye rafu tupu. Nilifunga mlango nikiwa nimejaa furaha kama bibi harusi.

Asubuhi nilimsubiri barazani meno yote nje. Alifungua mlango, akasimama. Nilitegemea shukrani, na kama si shukrani basi kelele. Alizitazama rafu, akatazama maua, akatazama ukuta.

"Na kamba?" akauliza.

Nikamwambia kamba nazo. Akaniuliza ziko wapi, nikamwonyesha kwa kidole upande wa vyoo, na kidole chenyewe kikaanza kuwa kizito. Hakunifokea. Aliketi kwenye kile kiti kidogo cha mtoto, magoti yakamfika kidevuni, akajifuta uso kwa kiganja. Miaka yote ile nilikuwa nikimwomba Mungu huyu mama anyamaze, na siku aliponyamaza nilitamani anitukane mpaka majirani wasikie.

Ndipo akanieleza, kwa maneno machache, kama anamweleza mtu mzima anayepaswa kuwa alishajua. Kamba zile zilikuwa siku ya mtoto. Mtoto asiyeelewa maneno hajui kama baada ya uji kuna kazi, au kama kutolewa nje maana yake ni kuachwa huko. Kwa hiyo siku inatundikwa ukutani kwa vitu vinavyoshikika: kikombe ni uji, taulo ni kunawa, kizibo ni kazi, kijiko ni chakula. Jambo likifika, mtoto anachukua kitu chake anakishika. Jambo likiisha, anampa mwalimu. Kila asubuhi Hakimu alikuwa akipitisha vidole kwenye kamba yake toka mwanzo hadi mwisho, ndipo akakubali kuketi.

Mwalimu hakukaa kulia. Alikimbia jikoni kuomba kikombe na kijiko, akachana kitambaa chake cha kichwa apate taulo, akasokota kamba mpya. Lakini watoto wale walijua vitu vyao kama wewe unavyojua mto wako wa kulalia. Walipoingia, mtoto wa matangazo alisimama mlangoni akatangaza kwamba kituo hiki kimefungwa, na hakuacha. Asiyesikia alizunguka akipapasa rafu tupu. Hakimu alikwenda ukutani, akapitisha vidole pale kamba yake ilipokuwa. Akapitisha tena. Akapitisha mara ya tatu. Kisha akaingia chini ya meza ya mwalimu, akaanza kutoa sauti moja nyembamba isiyokatika, mikono imeziba masikio yake mwenyewe.

Saa tatu kamili Fundi aliingia, amevaa lile koti. Akaketi kwenye kona alikoambiwa. Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo, nikaona anavyomtazama mwanawe chini ya meza, halafu anavyotazama picha zangu ukutani, halafu maua yangu. Usiache mbachao kwa msala upitao, wahenga walisema. Mimi nilikuwa nimeuchoma mbachao wa mtoto wa mwenzangu na msala wenyewe nimeazima darasa la kwanza. Sikuwa na pa kuweka uso.

Nikaenda kwenye shimo. Nilichukua chekecheke ya waya tunayochekechea mchanga, nikapiga magoti kwenye jivu la vuguvugu, nikachekecha. Kila cha boksi na cha kitambaa kilikuwa kimekwenda. Kilichobaki, ukiacha makopo yaliyopindika, ni vyuma vidogo: vizibo vyeusi, springi za vibanio, vijiko, na kifungo kimoja kikubwa. Sikujua ni cha nini. Niliviosha bombani nikavitia kwenye ndoo, angalau nisirudi mikono mitupu, kama mtu aliyevunja mtungi na kurudisha vigae.

Niliiweka ndoo chini karibu na meza, kimya. Sauti ile nyembamba ikaendelea kidogo, kisha ikapungua. Mkono ukatoka chini ya meza ukaingia ndoo. Ulipekua vizibo, ukaviacha. Ulipekua vijiko, ukaviacha. Ukatoka na kifungo. Sauti ikakatika.

Hakimu akatoka chini ya meza, akasimama wima. Alikwenda kwenye msumari ulipotundikwa mfuko wake, akauvaa mgongoni mkanda baada ya mkanda. Kisha akaenda mlangoni, kifungo mkononi, akapita mbele ya baba yake karibu kabisa hata mfuko ukagusa goti lake. Hakugeuza shingo. Akatoka.

Fundi aliinua mikono yake miwili akaiteremsha. "Mmeona wenyewe," alisema, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. Akainuka kama mtu aliyemaliza shughuli.

Mwalimu Makopo alikuwa amesimama kiganja mdomoni. Nilidhani analia. Kisha ile sauti yake ya zamani ikarudi yote kwa mpigo.

"Fundi, toka humu ndani. Wewe hukai darasani. Pita nyuma ya jiko, kuna njia kwenye ua, zunguka mpaka barabarani, halafu uje getini kama unavyokuja kila siku. Mama Funguo, mwonyeshe. Haraka."

Fundi hakuelewa, na mimi sikuelewa, lakini sauti ile haikuwa ya kuombwa maelezo. Nilimpitisha nyuma ya jiko, nikamwonyesha pengo wanalopita wapishi, naye akapenya huku koti likinasa kwenye miiba. Mimi nikarudi mbio kwa ndani, ndala zikipiga kelele. Hakimu alikuwa amefika getini. Alisimama kwenye nguzo ya kushoto, pale pale anaposimama kila jioni, ameielekea barabara, kifungo amekibana kifuani kwa mikono miwili. Ilikuwa saa nne kasoro ya asubuhi. Mwalimu alisimama nyuma yake, hatua mbili.

Fundi akatokea kwenye kona ya ukuta. Kati yake na geti palikuwa na mwendo wa kama dakika moja. Na mimi, niliyempigia mtoto huyu kengele mwaka mzima bila kumtazama, nikamwona kwa mara ya kwanza. Alianza kupanda na kushuka kwenye vidole vya miguu. Hakutoa sauti. Alipanda na kushuka, akimtazama yule mtu anayekuja, moja kwa moja, bila kupepesa. Kisha, Fundi alipobakiza hatua kumi hivi, mtoto akageuka, akampa mwalimu kifungo, akaurudisha uso barabarani na kunyoosha mkono mtupu uliokuwa ukingojea kushikwa.

Fundi alisimama pale pale. Mwalimu akafungua kiganja na kumwonyesha kifungo, cheusi kwa moshi. Fundi akakitazama, kisha akajipapasa kifua. Kifungo cha tatu kutoka juu hakikuwapo. Palikuwa na nyuzi tu. Akakumbuka, naona, kwamba mwezi wa pili mwalimu alimwomba kifungo kimoja na yeye akakikata kwa koleo bila kuuliza, akidhani ni kwa ajili ya makopo yake.

"Huyu ndiye wewe," Mwalimu akamwambia. "Cha mwisho kwenye kamba yake. Akimaliza chakula anakishika, anasimama hapa, anakungoja. Akikuona ananirudishia, maana jambo likishafika kitu chake kinarudi. Ndiyo maana ukifika humkuti nacho, na njiani huja umeinamisha kichwa. Nilikwambia anakujua, ukadhani nakupoza."

"Kila siku?" Fundi akauliza.

"Kila siku. Ukichelewa ananikanyaga."

Fundi alipiga magoti kwenye changarawe, na mtoto, ambaye hakuona sababu ya mtu kupiga magoti wakati wa kwenda nyumbani, akaushika mkono wake akauvuta. Ni kweli ilikuwa bado asubuhi, na wenzake walikuwa hawajanywa uji. Fundi akamtazama mwalimu kuuliza afanye nini. Mwalimu akasema aende naye. Kifungo kimeshasema nyumbani, basi ni nyumbani. Ukikigeuza leo, kesho hakiamini tena. Wakaondoka, mtoto mbele, baba akikokotwa.

Nyumbani kulikuwa na shangazi na mabegi yake, na saa ya safari ilikuwa haijafika. Hilo ndilo lililotukaa kooni. Mwalimu hakujua ataamua nini, mimi sikujua, na hakuna aliyemfuata kumuuliza. Jumamosi na Jumapili nilizimaliza nikizunguka mtaani kuomba maboksi ya viatu, mimi niliyekuwa nikiyaita uchafu, na wauza viatu walinitazama kwa jicho la kuuliza kama nami nimeambukizwa. Nilijaza stoo. Mwalimu akaleta lile daftari, salama kwa sababu lilikuwa ndani ya kikapu chake Alhamisi, tukaketi sakafuni tukaanza na kazi ya kwanza. Nilimwomba radhi. Alisema nishike mkasi vizuri, nakata upande.

Jumatatu nilifungua geti mapema kuliko kawaida, nikajifanya nafagia barabara. Watoto wakaja. Mtoto wa matangazo akatangaza hali ya hewa. Kengele ikakaribia na ile kona ya ukuta bado ilikuwa tupu, nikawa nafagia mahali pamoja mpaka udongo ukaanza kuchimbika.

Kisha wakatokea. Fundi alikuwa amevaa lile koti, lakini limefungwa kiunoni kwa waya, na kifuani lilikuwa wazi. Hakwenda kwa mwalimu. Alinijia mimi, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akanitia mkononi. Ndani mlikuwa na vifungo vinne vya chuma, vimesuguliwa hadi vinang'aa.

"Vya akiba, mama," akasema. "Hivi naomba usivichome."

Nilivifunga kwenye pindo la kanga, fundo mara mbili. Hakimu alikuwa ameshatupita anakwenda darasani. Hakunitazama. Kesi yangu alishaikata.